Watu ninaowachora wanakuwa wakavu, nianzie wapi?

Mwanagenzi wa Pwani:
Habari zenu, ndugu wachoraji. Ninaishi Bagamoyo, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikishuka soko la samaki kila Jumamosi asubuhi ili nijifunze kuwachora wachukuzi. Uso naupata, vidole navipata, hata mikunjo ya khanga naipata, lakini mtu akishakamilika kwenye karatasi huonekana kama sanamu ya dukani, ilhali yule niliyemtazama alikuwa akijitwika ndoo iliyojaa, magoti yamekunjika na shingo imemkaza. Je, kosa liko kwenye vipimo vya mwili?

Mzee Makaa:
Vipimo si tatizo, mwanangu. Unaanza na vitu vidogo, na mpaka ufike kiunoni yule mchukuzi ameshaondoka, nawe unamalizia kwa kubuni. Kabla hujagusa karatasi, jisemee tendo lenyewe: anajitwika, anatua, anavuta. Kisha vuta mstari mmoja tu, kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Mtu aliyesimama akiuweka uzito kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka, na kile kibonyo cha chini ya koo hukaa karibu wima juu ya kisigino cha mguu huo. Ukiyapata hayo, mchoro utasimama hata kama hauna uso. Tumia kipande cha makaa badala ya penseli iliyochongwa, uchore kwa mkono mzima kuanzia begani, dakika moja kwa kila mkao, na kifutio ukiache nyumbani.

Binti wa Jahazi:
Nakubaliana na Mzee Makaa, ila kwa anayeanza dakika moja ni ndogo mno, naye huishia kuparuza. Mimi ningemshauri atafute kazi inayojirudia. Fundi anayetia kalafati kwenye jahazi, yaani anayeziba nyufa kati ya mbao zake, hunyanyua nyundo na kuishusha kwa namna ileile mara nyingi, kwa hiyo mkao ukikupita unausubiri urudi. Ngoma nayo ni hivyo hivyo, na Bagamoyo, penye chuo cha sanaa cha TaSUBa, wachezaji hawakosekani. Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alipowaona wachezaji wa Kambodia mjini Paris mwaka 1906 aliwafuata hadi Marseille akiwachora. Alikuwa na desturi ya kuchora macho yakiwa kwa mtu, si kwenye karatasi. Jambo jingine, dada: waombe ruhusa hao wachukuzi kwanza, kwa sababu mtu anayejua unachokifanya hakazi mwili kwa wasiwasi.

Mwanagenzi wa Pwani:
Shukrani, Mzee wangu na dada yangu. Leo niliomba ruhusa, nikakaa karibu na fundi mmoja wa kalafati, nikajaza kurasa kumi na moja. Tisa hazifai. Katika mbili zilizobaki hakuna uso wala vidole, lakini nilipomwonyesha, aliweka kidole juu ya ule mstari wa mgongo akasema, “Hapa ndipo panaponiuma jioni.”