Mfupa wa kiganja uliovunjika: hogo au upasuaji?

Mama Salha, Chumbageni
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu, ambaye ni seremala hapa Tanga, alianguka na baiskeli wiki iliyopita akavunjika mfupa wa kiganja, ule unaobeba kidole cha mwisho. Daktari wa kwanza alimfunga hogo akasema inatosha. Wa pili, baada ya kuitazama eksirei, anashauri upasuaji wa kuweka pini. Mashemeji nao wanataka apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, maana mkono ulioumia ndio unaoshika randa.

Tabibu wa Viungo
Pole sana, dada, na kijana mpe pole. Mfupa huo huvunjika mara kwa mara, na mara nyingi hupona bila kisu. Kwa kidole cha mwisho, mfupa ukipinda kuelekea kiganjani kwa nyuzi 30 au hata 40 karibu na kifundo cha kidole, bado mkono hufanya kazi, kwa kuwa kiungo kilichopo kwenye shina lake kinacheza. Kwa kidole cha shahada na cha kati, ambavyo mifupa yake haichezi, hata nyuzi 20 ni nyingi. Kifundo kinaweza kubaki kimezama, lakini hilo ni suala la sura tu.

Kisichovumilika ni mfupa kujizungusha. Mnaporudi hospitali ya Bombo, ombeni hogo lifunguliwe, kijana akunje vidole taratibu huku daktari akitazama kucha. Vyote vinapaswa kuelekea chini ya kidole gumba. Kidole cha mwisho kikimpanda jirani yake, daktari wa pili ana hoja nzito, kwa sababu mzunguko huo haujirekebishi wenyewe. Upasuaji huhitajika pia mfupa unapotoboa ngozi, au mifupa kadhaa inapovunjika pamoja. Hata hivyo pini zinazotokeza nje huweza kupitisha vijidudu, na bamba la chuma huweza kugandamana na kano zinazonyoosha kidole.

Fundi wa Ngamiani
Shikamoo mama. Kuhusu wazee wa kuunga, mimi siwadharau, lakini jirani yangu alibanwa kwa vijiti vya mianzi hadi vidole vikawa baridi na kufa ganzi. Dalili hiyo, hata ndani ya hogo, ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Jambo lingine ni ukakamavu: mkono uliofungwa muda mrefu kupita kiasi husumbua kuliko mfupa wenyewe.

Mpwa wa Pangani
Samahani kwa kuingilia. Mimi naumwa chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, lakini eksirei haikuonyesha ufa. Je, nipuuze?

Tabibu wa Viungo
Usipuuze, mpwa. Huenda ni skafoidi, mfupa mdogo ambao damu huufikia zaidi kutoka upande wa vidole, hivyo kipande cha upande wa pili huweza kufa. Ufa wake hujificha mwanzoni, kwa hiyo hufungwa hogo na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watu wazima 439 waliovunjika katikati ya mfupa huo na vipande kuachana kwa milimita 2 au chini, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja kati ya waliopasuliwa mapema na walioanza kwa hogo. Ila ambao mifupa yao haikuungana ndani ya hogo walipaswa kupasuliwa bila kuchelewa, kwa hiyo usiruke tarehe ya kurudi.