Wazazi weusi tii, mtoto ana miguu ya kahawia: karatasi hizi ni za kweli? Naombeni ushauri

Mkazi wa Iyumbu

Habari za jioni wakuu. Mwaka jana nilinunua mbwa dume wa aina ya German Shepherd akiwa mdogo, kutoka kwa mfugaji mmoja wa Dar. Laki nane, akaja na karatasi za ukoo zenye mihuri, vizazi vitatu. Jina lake Simba. Analinda nyumba vizuri na watoto wangu wanampenda mno.

Sasa kuna mzee mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, ana jike mzuri sana, akaja kuniomba Simba ampande. Nikamletea karatasi. Akazisoma, akamtazama mbwa, akarudia kusoma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, baba mweusi, mama mweusi, huyu kahawia ya miguu kaitoa wapi?" Na kweli, karatasi inasema wazazi wote wawili ni weusi watupu. Simba mgongo ni mweusi, lakini miguu yote minne, kifua na mashavu ni kahawia iliyokolea kama tofali la kuchoma.

Nimempigia muuzaji, anasema rangi huruka vizazi, ati babu yake alikuwa na kahawia. Je, inawezekana? Na kama haiwezekani nifanyeje? Sitaki kumpandishia mzee wa watu jike wake kwa karatasi ya uongo. Nawasilisha.

Binti Nkuhungu

Inawezekana kabisa kaka. Nyumbani kwetu tulikuwa na Labrador, baba mweusi na mama mweusi, wakazaa weusi na wa njano humo humo. Weusi ndio unaotawala, njano inajificha ndani. Usije ukamwonea muuzaji wa watu bure.

Dokta wa Chamwino

Dada, ulichosema kuhusu Labrador ni sahihi. Lakini kwa German Shepherd mambo yamegeuka, na hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa.

Kwa Labrador weusi ni tawala. Mbwa mweusi anaweza kubeba njano au chokoleti bila kuonekana, weusi wawili wakikutana na wote wamebeba, basi mtoto wa njano anatokea. Kwa German Shepherd weusi mtupu unatoka kwenye jeni (chembe ya urithi) nyingine, na katika jeni hiyo weusi ndio uko chini kabisa. Juu yake kuna nyeusi na kahawia kama ya Simba. Juu zaidi kuna ile rangi ya mbwa mwitu, ambayo unywele mmoja una njano chini na nyeusi nchani. Ili German Shepherd awe mweusi tii ni lazima apokee nakala ya weusi kwa baba na nyingine kwa mama. Akipata nakala hata moja ya kahawia, kahawia itaonekana. Kwa hiyo mweusi tii hana kahawia aliyoificha ya kumrithisha mtoto. Wawili weusi wakizaana, watoto wote ni weusi.

Muuzaji anasema rangi huruka vizazi. Huruka, ndiyo, ila upande mmoja tu: wazazi wawili wenye kahawia wanaweza kuzaa mweusi, kwa sababu weusi ndio hujificha. Kahawia ya babu haiwezi kupita ndani ya baba mweusi na mama mweusi ikatokea kwa mjukuu.

Hata hivyo, usiite mtu tapeli bado. Omba picha za wazazi. Mbwa wengi wanaandikwa "mweusi" kumbe wana kahawia chini ya mkia, kwenye visigino na katikati ya vidole. Hao si weusi watupu, na hapo kosa litakuwa la mwandishi tu. La pili, jike mmoja akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume wawili na kuzaa watoto wa baba tofauti kwa uzao mmoja. Simba anaweza kuwa mbegu safi kabisa, ila baba siye aliyeandikwa. La tatu ndilo baya: karatasi za mbwa wengine kupewa Simba.

Mpwapwa Damu

Karatasi hailindi nyumba mkuu. Mbwa ni mzuri, mpandishe, maisha yaende.

Mfugaji Kongwa

Hapana, ndugu yangu. Karatasi ni kumbukumbu ya nani kazaa na nani. Wewe wa Mpwapwa unajua vizuri, ng'ombe wa Mpwapwa alipatikana hapo kwenu kwa kuchanganya zebu wetu wa kienyeji na damu ya ng'ombe wa Sahiwal na Red Sindhi. Ile kazi ilisimama juu ya daftari. Ukiharibu daftari, kesho unampandisha dume dada yake bila kujua, na magonjwa ya kurithi yanakutana.

Mkazi wa Iyumbu, achana na rangi kidogo, angalia tarehe na chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Chipu ya kawaida ina tarakimu 15, mpeleke kwa daktari mwenye kisomeo alinganishe na iliyo kwenye karatasi. Na kama kuna mtu mwingine alinunua kwa huyo huyo, omba karatasi zake muangalie pamoja.

Mkazi wa Iyumbu

Asanteni sana. Nimempata mwenzangu anayefanya kazi Mtumba, naye alinunua kwa huyo huyo. Jina la mama ni lile lile na namba ile ile. Wa kwake amezaliwa 14 Machi, Simba 2 Julai, mwaka mmoja.

Mfugaji Kongwa

Basi hapo umepata jibu kubwa kuliko la rangi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Kuzaa 2 Julai maana yake alipandwa karibu na 30 Aprili, wakati ana watoto wasiofikisha wiki saba. Majike wengi hupata joto kila baada ya miezi sita hivi. Siamini mama mmoja alizaa uzao huu wote wawili.

Iandikie taasisi iliyotoa karatasi, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si namba ya simu iliyochapwa chini ya karatasi. Kama inadai asili ya Ujerumani, mbwa waliosajiliwa na SV ya Augsburg, chama cha German Shepherd cha huko, wana namba inayoanza na SZ. Kwa ukanda wetu kuna chama cha mbwa, East Africa Kennel Club, Nairobi.

Dokta wa Chamwino

Naongeza kimoja. Pamba iliyopitishwa ndani ya shavu la mbwa inatosha kupima jeni ya rangi, na maabara za nje hupokea sampuli. Mama mweusi tii lazima ampe kila mtoto nakala moja ya weusi, na baba vivyo hivyo. Simba akikutwa hana nakala ya weusi hata moja, basi kati ya hao wawili kwenye karatasi hakuna hata mmoja aliye mzazi wake. Akikutwa na moja, mmoja wao anaweza kuwa mzazi wake kweli. Huhitaji kumwomba muuzaji sampuli ya mbwa wake yeyote.

Kuhusu fedha: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Mwandikie madai kwa maandishi, ambatanisha nakala za karatasi zote mbili, na ujumbe wa simu usifute.

Mkazi wa Iyumbu

Nimetoka kwa daktari. Kisomeo kimepitishwa shingoni, mabegani hadi kifuani, hakuna chipu yoyote, ilhali karatasi ina namba ya chipu. Barua kwa muuzaji nimeituma, pamba ya shavuni imechukuliwa. Mzee wa Kisasa nimemweleza yote. Amesema jike wake alimtoa Arusha kwa mfugaji mwingine, bado anamtaka Simba, na watoto atawagawa kwa majirani bila karatasi.

Dokta wa Chamwino

Vizuri umemwambia mapema. Ila asipande kabla ya majibu ya maabara na picha ya eksirei ya nyonga. Mbegu hii inasumbuliwa sana na nyonga zisizokaa sawa, na hiyo hurithiwa, karatasi iwepo isiwepo. SV hupokea picha kuanzia miezi 12, OFA, taasisi ya Marekani inayokagua nyonga za mbwa, hutoa cheti chake kuanzia miezi 24. Simba ana umri gani sasa? Na jike naye apigwe picha, wote wawili.

Mkazi wa Iyumbu

Ana miezi 14, dokta. Nampigia mzee sasa hivi tupange siku moja wapigwe wote.