Kumbe siyo Yosefu

Dada: Jamani, tumetoka kufuta vumbi sanamu kanisani. Ile ya karibu na kitubio siyo Mtakatifu Yosefu.

Bibi: Siyo Yosefu kivipi? Mimi nasali pale miaka nenda rudi.

Dada: [Picha] Hana ndevu, Bibi. Na kichwa kimenyolewa utosini kama watawa wa zamani.

Kaka: Si ameshika Mtoto Yesu na ua la yungiyungi? Yosefu huyo.

Dada: Hivyo hata Antoni wa Padua anavyo. Tazama Mtoto kakalia nini: kitabu. Halafu kiunoni kuna kamba ya Wafransisko, watawa wa shirika lake, mafundo matatu, nimeyahesabu kwa kidole.

Mjomba: Ufukara, usafi wa moyo, utii. Ndiyo nadhiri zao. Na mimi mkatekista mzima nawafundisha watoto kuwa ni Yosefu 🙈

Shangazi: Aliyepaka rangi mara ya mwisho ndiye katuponza. Joho la njano, kanzu ya kijani, nani angejua?

Dada: Shingoni rangi imebanduka, kahawia ya zamani inachungulia. Ila kilichonishtua ni kwamba Yosefu mwingine yupo kule nyuma, ana msumeno kabisa. Na mwongozo wa Misa unasema kwa kawaida sanamu ya mtakatifu mmoja isirudiwe kanisani.

Bibi: Sasa sala zangu zilikuwa zinaenda kwa nani?

Kaka: 😂😂 Antoni alikuwa anapokea barua za mwenziwe.

Shangazi: Wewe mtoto, adabu!

Mjomba: Mama usihofu. Mtaguso wa Pili wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulishasema heshima haibaki kwenye sanamu, inamwendea anayewakilishwa.

Bibi: Ndiyo maana nauliza. Anayewakilishwa Antoni, mimi namwita Yosefu.

Kaka: Mjomba anaandika… kafuta… anaandika tena 😂

Mjomba: Uliyemtaja ndiye uliyemwomba. Plasta haina masikio.

Bibi: Haya. Lakini huyo Antoni si ndiye anayeombwa vitu vikipotea?

Dada: Ndiye huyohuyo.

Bibi: Miwani yangu ilipopotea nililia palepale mbele yake. Jioni nikaikuta mfukoni mwa gauni. Nikarudi kumshukuru Yosefu, na mshumaa juu.

Shangazi: 🤣🤣 Mama!

Bibi: Kesho mnipitie mapema kabla ya Misa. Nina mtu wa kumwomba radhi.