Nataka Mungu mwenyewe, si vitu vyake. Naomba ushauri

Kiu_ya_Ayala: Wapendwa Bwana asifiwe. Nimeokoka tangu 2016 na miaka yote hiyo maombi yangu yamekuwa kama orodha ya kutumwa dukani, Mungu nipe kazi, nipe mke, nipe nyumba, na amenipa. Sasa tangu Pasaka nimechoka kuomba vitu. Naamka saa tisa usiku naketi tu kimya, siombi chochote, na kuna siku uwepo unashuka mpaka naona jua linachomoza sijui masaa yameenda wapi. Ile Zaburi 27:4, "neno moja nimelitaka kwa Bwana", imenishika koo. Shida nikifika job huku Industrial Area, Nairobi, kila kitu kinazimika kama stima imeisha tokeni. Mtu hufanyaje uwepo usiondoke?

MamaWanne: Funga, mwanangu. Mimi 2009 nilifunga siku tatu maji matupu baba watoto akiwa Mombasa kikazi, siku ya tatu nikapiga magoti nikasikia kitu kizito kinakuja, kumbe ni harufu ya chapo za jirani. Nililia. Lakini funga.

Fundi_Gikomba: Umeoa? Naona kama unatafuta ruhusa, si ushauri.

Kiu_ya_Ayala: Tubaki kwa maombi ndugu.

Katekista_Mstaafu: Kuna mtawa wa Kikarmeli kule Paris karne ya 17, Ndugu Lawrence. Kazi yake ilikuwa jikoni, baadaye kutengeneza viatu vya wenzake, na alisema akiwa kwa masufuria yuko na Mungu sawa na akiwa amepiga magoti. Industrial Area si mbali na Mungu.

Fundi_Gikomba: Hajajibu.

Kiu_ya_Ayala: Haya. Nimeoa, mtoto ana miezi minne. Barua ya kuacha kazi nilimpa bosi Jumatatu, mwisho wa mwezi naingia mlimani siku 40. Mke sijamwambia, nangoja kwanza nipate amani. Na msianze, Petro aliacha nyavu.

Jabali_la_Kale: Petro alikuwa na mama mkwe na Yesu alienda mpaka kwake akamponya homa, Mathayo 8:14. Wako ulimsalimia lini 😂

MamaWanne: Hayo ya kufunga nimeyarudisha. 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Tena baada ya yale ya msitu wa Shakahola 2023, waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe, miili zaidi ya 400, mimi mtu akiniambia anaacha watu wake anaenda kutafuta Mungu pahali, nashika simu.

Kiu_ya_Ayala: Mama usinifananishe na hao, nitakuwa nakula jioni. Na kumbuka Mariamu aliketi miguuni pa Yesu, aliyekemewa ni Martha.

Katekista_Mstaafu: Alikemewa kwa kuhangaika. Hakuambiwa azime jiko.

Panya_wa_Orofa: Ngojeni kidogo. Huyu wiki jana aliuliza hapa mambo ya maji kukatwa akasema anaishi Pipeline, kule kwa maghorofa yamebanana, orofa ya pili. Nimeishi Pipeline miaka sita, orofa ya pili saa sita mchana tunawasha taa, ukifungua dirisha unashika soksi za jirani. Hilo jua linachomoza analiona wapi? Hii ni hekaya wazee, tunachezwa.

Jabali_la_Kale: Na nilikuwa nimeshaanza kumwombea!

Kiu_ya_Ayala: Si hekaya. Siombei kwa nyumba. Napanda huko juu kabisa kwa paa, penye kamba za kuanika nguo, keateka anayesimamia ploti aliniuzia funguo. Nyumba ni singo, chumba kimoja tu, mtoto akianza kulia usiku siwezi kutulia mbele za Mungu hata dakika kumi.

Panya_wa_Orofa: Sawa, hiyo ya kamba naikubali.

Katekista_Mstaafu: Akilia saa tisa anaamka nani?

Kiu_ya_Ayala: Mama yake.

Katekista_Mstaafu: Tangu Pasaka mpaka leo ni miezi mingapi?

Kiu_ya_Ayala: Minne hivi.

Katekista_Mstaafu: Na mtoto?

MamaWanne: Amenyamaza.

Panya_wa_Orofa: Naona ile alama ya kijani bado inawaka, yuko hapa anasoma.

MamaWanne: Mwache. Baba, hiyo barua bosi anaweza kukurudishia, mwamkie mapema kesho kabla hajaipeleka mbele.

Fundi_Gikomba: Samahani kutoka nje ya mada, hiyo funguo ya huko juu keateka aliuza ngapi? Wetu anafunga saa kumi na mbili jioni na nepi bado mbichi.