Spika sita kwenye Linux: HDMI, kebo ya mwanga ao kadi ya USB?

mtoto_wa_katuba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, jambo. Nimepata amplifaya na spika zake sita, 5.1 kamili (tano za kawaida na moja ya besi), lakini Linux inapiga mbili za mbele tu. Jumamosi nashuka mjini kununua. Nichukue nini?

baba_antena: Kompyuta gani? Linux gani? Nyuma ya amplifaya kuna matundu gani? Bila hayo tutabahatisha.

yaya_kenya: HDMI. Inapitisha hata njia nane za sauti bila kuzibana. Unafungua pavucontrol, programu ya kuchagua sauti itokee wapi, unachagua HDMI 5.1, imekwisha.

fundi_kamalondo: Kebo ya mwanga iogope. Nilimfungia mjomba wangu kule Ruashi. Filamu zilizunguka sebule nzima, lakini mchezo wa watoto ulitoka mbele tu. Nikabadili kebo mara mbili. Nikafuta mfumo, nikauweka upya, umeme ukakatika katikati, nikaanza tena. Siku tatu! Kumbe kebo ile inapitisha njia mbili tu zisizobanwa. Ukitaka sita lazima zibanwe, kama kwa AC-3 (Dolby Digital). Filamu ilikuja imebanwa tayari, mchezo hapana. Nilipoweka programu-jalizi ya a52, inayobana sauti kwa AC-3, kwenye ALSA (mfumo wa sauti wa Linux), ndipo zikalia zote.

mama_redio: Hayo ni mambo ya PulseAudio, programu ya zamani ya kusimamia sauti. Fedora, Linux nyingine, ilihamia PipeWire, programu mpya zaidi, tangu 2021.

fundi_kamalondo: Mama, PipeWire haipanui kebo.

mtoto_wa_katuba: Samahani, ni ya mezani, Linux Mint. Nyuma ina matundu matatu: kijani, nyeusi, la machungwa. Amplifaya haina HDMI.

baba_antena: Ungesema mapema! Usinunue bado. Kijani ni mbele, nyeusi ni nyuma, machungwa ni spika ya kati na besi. Kama amplifaya inapokea njia sita, fungua terminal, andika alsamixer (kirekebisha sauti), Channel Mode iwe 6ch, yaani njia sita, halafu utoke uandike speaker-test -c6 -twav. Kila spika itajitaja.

yaya_kenya: Na unasikiliza nini hasa?

mtoto_wa_katuba: Filamu ni za watoto. Mimi ni gitaa za zamani, Mwenda wa Bayeke.

mama_redio: Alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, 1952, njia moja! Spika sita zitamwongezea nini?

yaya_kenya: Mama, mwache. Gitaa ile ikijaza nyumba inapendeza.

mama_redio: Ikitoka mgongoni si gitaa tena. Mpiga gitaa anakaa mbele yako.

mtoto_wa_katuba: Huku umeme umekatika. Ukirudi nitajaribu hiyo 6ch.