Naombeni msaada wa neno "recognise", linaniaibisha mapokezi

Wakuu, habari za jioni. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, huu mwezi wa nne. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, kinatembea ila kinakwama kwenye vineno.

Juzi kaingia mzee wa Kizungu na mkewe. Nikawakumbuka, walilala kwetu kabla ya kwenda Serengeti, ndio waliosahau mwavuli. Nikataka kumwambia "sura yako si ngeni", nikasema, "Your face is not strange." Mzee akajishika shavu, akamtazama mkewe, wakaangua kicheko. Msimamizi wangu akaninong'oneza nyuma, "Sema recognise."

Toka hapo nimeling'ang'ania, nalo linanigeuka. Jana nimemwandikia mgeni aliyeacha chaja: "We recognised that you forgot your charger." Msimamizi kafuta, kaweka "noticed", maelezo hakuna. Jioni namwambia dereva wetu kuhusu mpishi, "I recognise him since 2019." Dereva ndiye akanisahihisha, jamani.

Kamusi inasema recognise ni kutambua. Mbona nikiweka penye kutambua nakosea? Nataka sentensi za kuongea kila siku. Natanguliza shukrani.

Mpiga Debe:
Ningekuwa huyo mzee ningekuachia bakshishi. Umri wote huo hakuna aliyewahi kumhakikishia kwamba sura yake si ya ajabu.

Chaki Nyeupe:
Dada, usimsikilize huyo. Kamusi haijakudanganya, ila "kutambua" kwetu ni gunia, Mwingereza kagawa mzigo kwenye vikapu.

Neno limetoka Kilatini: "re" ni tena, "cognoscere" ni kujua. Yaani kujua tena. Kwa hiyo jiulize, hiki kitu nilikuwa nakijua, sasa nimekutana nacho tena? Kama ndiyo, weka recognise. Mtu kanyoa ndevu umempita barabarani: "Sorry, I didn't recognise you." Simu imeita, namba ngeni: "I don't recognise this number." Umesikia mtu anakohoa koridoni, ukajua ni baba: "I recognised his cough."

Chaja hukuwa unaijua. Uliiona tu, ndiyo maana "noticed". Ukifika kituo cha daladala ukagundua umeacha pochi nyumbani, hapo ni "realised". Na mpishi unamjua mfululizo, hujampoteza ukamwona tena: "I've known him since 2019." Dereva wenu yuko sahihi, mpe soda.

Jingine, tunaponzwa na "nakutambua", tunasema "I am recognising you". Hapana. "I recognise you", basi. Na ile g usiimeze, wengi wanasema "rekonaizi". Ni rekog-naiz, mkazo mwanzoni.

Lakini nikushauri kama mtu aliyewahi kupokea wageni: mgeni akirudi usimwambie "I recognise you" kavu kavu, atadhani picha yake imebandikwa polisi. Mwambie "Welcome back" au "Nice to see you again."

Mzee wa Gongo la Mboto:
Mwalimu, naona umebana mno. Mbona tunasoma "recognised that"? Halafu Tanzania iliitambua Biafra, ile iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968, vitabu vinaandika recognised. Ina maana tulikuwa tunaijua zamani?

Chaki Nyeupe:
Mzee wangu, hapo umenishika. Kuna recognise ya kukubali. Nchi kuikubali nchi, chuo kukubaliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, mtu kukiri kosa: "He recognised that he was wrong." Na ya kuenzi pia: Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kazi yake ilienziwa kwa Nobeli 2021, nayo ni recognised. Ila dada yuko kaunta na funguo, tuanze na ya sura.

Karani wa Nakuru:
Mimi ni karani wa korti huku Kenya, hilo neno nalichapa kila wiki. Kwetu linaweza kumfunga mtu. Shahidi akisema alimwona mshambulizi asiyemjua, hiyo ni "identification". Akisema ni jirani, alimjua kwa sauti na mwendo, hiyo ni "recognition". Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Anjononi, 1980, ilisema recognition inaaminika zaidi kuliko kumtambua mtu usiyemjua. Lakini Waingereza walishaonya kwenye kesi ya Turnbull, 1976, kwamba hata ndugu na rafiki wa karibu mtu humkosea. Kwa hivyo dadangu, usiape.

Mpiga Debe:
Na spelling? Nimeona s, nimeona z.

Chaki Nyeupe:
Marekani ni z. Uingereza wengi s, ingawa Oxford wenyewe wanaandika z. Hoteli ikishachagua moja, msichanganye.

Dada, chukua na hii ya nyongeza: "Kariakoo has changed beyond recognition." Imebadilika hadi aliyekulia pale anapotea.

Aliyeanzisha uzi:
Wakuu, nimerudi na mrejesho, msinicheke. Leo saa moja asubuhi kaingia kaka mrefu, kofia ya kijani, nikamkumbuka kabisa, chumba namba sita, chai bila sukari. Nikanyoosha mgongo: "Welcome back, sir! I recognised you by your hat."

Akasema ndiyo kwanza ameshuka uwanja wa ndege wa KIA, hajawahi kukanyaga Afrika.

Karani wa Nakuru:
Turnbull.

Mpiga Debe:
Sasa "samahani, nimekufananisha" wanasemaje?

Chaki Nyeupe:
"Sorry, I mistook you for someone else." Dada, hiyo iandike kwenye kikaratasi, ibandike chini ya kaunta.