Natoka Kisumu kwenda kukimbia Iten: mazoezi ya pumzi, bitiruti au chuma?

MbioZaZiwa, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nafanya mazoezi hapa Kisumu, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mwezi ujao napanda Iten, mita 2,400. Pesa yangu inatosha jambo moja: kile kifaa cha kuzoeza misuli ya kupumua, juisi ya bitiruti kila siku, au vidonge vya chuma. Mngechagua kipi?

Menengai_Alfajiri, Nakuru
Kifaa. Unavuta pumzi kwa nguvu mara 30 asubuhi na mara 30 jioni. Kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu hukomaa, na huko juu ndiyo huchoka mapema kwa kuwa unapumua upesi zaidi. Barakoa za mazoezi achana nazo, zinakubana pumzi tu, hazikupeleki mlimani.

DadaWaMbio, Eldoret
Kaka, hapo kuna jambo umeruka. Hewa ya Iten ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kisumu. Kilichopungua ni shinikizo la hewa. Mwili ukihisi hivyo, figo hutoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, na kazi hiyo hula chuma. Akiba ikiwa ndogo, utakaa Iten wiki kadhaa na damu isiongezeke. MbioZaZiwa, kapime kwanza himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, na feritini, inayoonyesha akiba ya chuma. Umeugua malaria karibuni? Hiyo hubomoa chembe hizo hizo. Sisi wanawake tuna hedhi pia, tunapungukiwa upesi. Ila vidonge usimeze bila kipimo, chuma kikizidi huumiza ini.

Omena_na_Ugali, Homa Bay
Namuunga mkono dada. Kwa chakula: maini, nyama, omena. Mboga za managu na terere kamulia ndimu, chuma chake hufyonzwa vizuri zaidi. Chai ngoja kama saa moja baada ya kula, maana huzuia chuma, na huku kwetu tunaishushia chakula. Ugali usipunguze hata kidogo. Mlimani misuli hutegemea wanga zaidi.

Menengai_Alfajiri, Nakuru
Nimekubali, kipimo kitangulie. Bitiruti je?

DadaWaMbio, Eldoret
Husaidia kupanua mishipa ya damu, unywe saa mbili au tatu kabla ya kukimbia. Kwa waliokwisha kukomaa kimazoezi faida yake huwa ndogo.

MbioZaZiwa, Kisumu
Asanteni sana. Kesho naenda maabara, majibu nitayaweka hapa.